Nipe Kiti Kingine

Yaliyompata Bwana Wembe hayakuanza usiku. Yalianza mchana kweupe, saa ambayo wenzake wote walikuwa wameshuka kwenda kula, naye amebaki peke yake juu kwenye maabara ya hospitali, ameinamia mashine ya kukatia, akikata figo ya mwanamke mmoja aliyekwisha kuzikwa.

Jina la Wembe alipewa na wenzake, likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuchukua nyama ya mgonjwa, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na kukichanja vipande vyembamba kiasi kwamba unywele wa kichwani, ukiulinganisha navyo, ni gogo. Nyama mbichi haikatiki hivyo. Kwanza hulowekwa kwenye sumu inayoiua kila seli pale pale ilipo, kama ilivyokaa. Halafu hulowekwa kwenye osmiamu, dawa inayoigeuza nyeusi kama mkaa, na ambayo mvuke wake ukikuingia machoni unaweza kukupofua. Halafu hukamuliwa maji yote kwa spiriti, huzamishwa kwenye plastiki ya majimaji, na kuokwa kwenye tanuri mpaka inakuwa ushanga mgumu wa kahawia. Bwana Wembe alikuwa na utani wake kwa wageni. "Wengine huua mara moja," alisema, "sisi tunaua mara nne."

Ushanga huo hukatwa kwa kisu cha almasi. Nyuma ya kisu kuna kihori kidogo cha maji, na kila kipande kikikatwa huteleza majini kikaelea, kimeshikana na mwenzake mkia kwa kichwa, msururu mmoja unaong'aa rangi ya fedha. Viyoyozi huzimwa. Milango hufungwa. Mkataji mwenyewe hujifunza kupumulia pembeni, maana pumzi tu inaweza kuvitawanya.

Siku ile msururu ulijikunja. Kipande cha mbele kiligeuka majini, kikarudi, kikaja mpaka ukingo wa kihori uliokuwa karibu na kifua chake, na vingine vikakifuata, vikajipanga pale kama samaki waliozoea kulishwa. Akasogea kushoto. Vikahamia kushoto. Akasogea kulia, navyo kulia.

"Ni umemetuli tu, ule umeme wa kusuguana," akajiambia, ingawa mashine ilikuwa imeunganishwa waya wa ardhini na yeye mwenyewe ndiye aliyeuunganisha.

Akavichota kwa kijiwavu chake cha shaba, akaingia navyo chumba cha hadubini.

Chumba hicho hakina dirisha. Katikati umesimama mnara wa chuma, mrefu kuliko mtu, na ndani yake hewa yote hunyonywa na pampu zinazonguruma mchana na usiku. Hapo ndipo miale ya elektroni hupita katika kipande na kuchora kivuli chake kwenye kioo cha kijani. Unazima taa, unasubiri macho yazoee, na unaona kile ambacho hadubini ya kawaida haitakuonyesha hata ukiibembeleza.

Figo ni chujio, na chujio hilo lina seli zenye miguu. Huizunguka mishipa midogo ya damu na kupachika vidole vyao baina ya vidole vya jirani, kama mikono miwili iliyofumbatana. Mtu akiugua ugonjwa uliomuua mwanamke yule, vidole hivyo husinyaa na kulala bapa, chujio linavuja, mwili unavimba. Bwana Wembe alitarajia magofu. Alikuta miguu mizima, mororo, imepangika kama ya mtoto mchanga. Na ilikuwa inacheza. Taratibu, mbele na nyuma, kama miguu ya mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu akiwa hana haraka na mtu.

Halafu akasikia harufu ya marashi. Ilitoka mnarani, mle ndani, mahali pasipo na hewa hata ya kubeba harufu.

Mwingine angewasha taa akakimbia. Bwana Wembe alipiga picha.

Alikuwa na sababu zake. Kiti cha ukuu wa idara kilikuwa wazi, na wenzake wawili walikuwa wakikinyemelea. Mtu atakayeonyesha tishu ya marehemu inayopona ndani ya plastiki, nani atamnyima kiti? Kwa hiyo akakaa kimya, akawa anakata kidogo kidogo kila wenzake wakienda kula, na kila alipokata, seli zilikuwa changa kuliko jana yake, na marashi yalikuwa makali zaidi.

Siku moja akagongewa mlango. Mlangoni alisimama mama wa makamo, mshonaji, maana shingoni alikuwa bado amevaa futi yake ya kupimia na kifuani amechomeka pini.

"Hodi, mwanangu. Nimeelekezwa kuwa ndiwe unayekata."

"Ndiyo, mama. Nikusaidie nini?"

"Yule mwenye figo ni mdogo wangu. Tumemzika, lakini hatukumzika mzima." Akashusha sauti, akaangalia nyuma yake kwenye korido. "Mdogo wangu alikuwa kiti, baba. Alikaliwa tangu usichana wake, na aliyemkalia nimemlea mimi, namjua hasira zake na namjua anapotulia. Kiti kikifa, jini lake huzikwa nacho likalala. Lakini nyinyi mmebakisha kipande juu ya ardhi. Mwenyewe amekikalia hicho."

Bwana Wembe akacheka. "Mama, kipande chenyewe sisimizi hashibi."

"Nipe hivyo hivyo nikakifukie."

"Kilishatupwa."

Mshonaji akavuta pumzi puani, mara moja, taratibu. "Mbona basi nasikia marashi yake?"

Hapo Bwana Wembe akamwita mlinzi. Mlinzi alimshika mama wa watu kiwiko na kumvuta. Mkoba ukaanguka, pini zikamwagika sakafuni, naye akapiga magoti kuziokota moja moja huku mlinzi akimhimiza. Bwana Wembe alimruka mguu akaenda zake. Akiwa mbali kidogo akamsikia nyuma yake, bila kupaza sauti:

"Atakuomba kiti kingine. Hawezi kukaa mahali bila kukaribishwa na mwenye nyumba. Usimpe mtu, baba. Nakusihi, usimpe mtu."

Nyumbani kwa Bwana Wembe walikuwa watatu: yeye, mkewe ambaye alikuwa mwalimu, na mama yake mkewe. Watoto hawakujaaliwa. Mama mkwe aliletwa baada ya sukari kumla miguu, nyayo zikafa ganzi, akawa anatembelea fimbo. Miguu ilikufa, ulimi ukabaki mzima. Bwana Wembe akirudi jioni alipokewa na maneno: "Huyu mkwe wangu anakata nyama mchana kutwa, na nyumbani haleti hata utumbo!" Mke alicheka, jirani akiwepo naye alicheka, na Bwana Wembe alicheka pia, kwa meno. Moyoni aliuhesabu kila utani. Kitanda cha yule mama kilikuwa kwenye chumba alichokuwa amekipangia vitabu vyake, na hilo nalo hakulisahau.

Siku ya kuombwa ilikuwa mchana kama ile ya kwanza. Alikuwa gizani mbele ya kioo cha kijani. Ngurumo ya pampu ilibadilika. Kwanza ikawa na mapigo, kisha mapigo yakawa na midomo, na midomo ikawa inasema neno moja, pole pole, kama mtu anayeongea huku ameweka mdomo kwenye bomba la chuma: *kiti, kiti, kiti.*

Miguu kwenye kioo iliacha kucheza. Ikasimama.

"Mmenivunjia kiti," sauti ikasema. "Kipande hiki kimebana. Nipe kiti kingine."

Bwana Wembe alikimbilia mlango. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa aliposikia vidole viwili vya baridi vikimwingia ubavuni, havikutoboa ngozi wala havikuchana shati, vikapita katikati ya mbavu kama vile mbavu ni pazia, vikaitafuta figo yake ya kushoto, vikaipata, na vikaanza kuibonyeza kwa adabu, huku na huku, kama mnunuzi sokoni anayepima embe kama limeiva, na kila vilipobonyeza alihisi maji ya moto yakimtiririka miguuni mpaka viatu vikajaa, na alipoangalia chini kwa mwanga ule wa kijani aliona kwamba yale maji yalikuwa meusi.

"Nikae hapa?" sauti ikauliza, na sasa ilikuwa sikioni.

"Hapana! Tafadhali. Si mimi."

"Basi nani? Awe wa nyumba yako. Ambaye ukisema ndiyo, inakuwa ndiyo."

Hakufikiri kwa muda mrefu. Laiti angefikiri, hata kwa kitambo cha kumeza mate, labda angekuwa na cha kujitetea baadaye.

"Yuko mama mkwe," akasema. "Mchukue huyo. Yeye ameshaishi."

"Unanikaribisha?"

"Karibu."

Vidole vikatoka. Pampu zikarudi kunguruma kama kawaida. Bwana Wembe alipiga deki sakafu, akabadilisha suruali, akaenda nyumbani.

Mkewe alimpokea mlangoni akilia na kucheka. "Njoo uone! Njoo umwone mama!"

Jikoni, mama mkwe alikuwa amesimama bila fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa imeegemezwa pipani pamoja na takataka. Alikuwa anakata vitunguu, mgongo umenyooka, na vipande vilikuwa vyembamba hata ungeweka gazeti chini yake ungelisoma. Alivipanga kwenye sahani ya maji, vikawa vinaelea. Jiko zima lilinukia marashi.

"Miguu imerudi!" mke akasema. "Mchana wa leo, ghafla tu. Amesikia joto nyayoni, akainuka. Si muujiza huu?"

"Ni muujiza," akasema Bwana Wembe.

Mama mkwe akageuka akamtazama. Akatabasamu, tabasamu zuri kuliko alilowahi kumpa tangu siku ya posa.

"Karibu," akasema, "mwenyeji wangu."

Wiki za kwanza nyumba ilikuwa na furaha, na furaha ile ilimtesa Bwana Wembe kuliko kilio. Mama mkwe alifagia, alifua, aliimba. Utani uliisha kabisa. Majirani walikuja kumwona, wakaondoka wakisifu. Mke alinenepa kwa raha. Ila kila kilichopita mikononi mwa mama kilikatwa. Mkate ulikuja mezani kama karatasi. Viazi alivichanja akavibandika kwenye vioo vya madirisha, na jua la jioni likipita ndani yake nyumba nzima ilikuwa na rangi ya njano iliyokufa. Alikata sabuni. Alikata mishumaa. Na alikuwa anakonda. Mwanzoni mke alisema ni kwa sababu ya kazi. Baadaye akaacha kusema. Ngozi ya mama ilikuwa inang'aa, ukisimama kati yake na taa unaona kivuli cha mifupa ya mkono, na kutoka kifuani mwake, akiwa amekaa kimya, ilisikika ngurumo ndogo isiyopumzika.

Alasiri moja mke akiwa shuleni, Bwana Wembe alirudi mapema akamkuta ameketi kizingitini mwa mlango wa nyuma. Mguu mmoja ameupandisha juu ya goti la mwingine. Mkononi ana wembe wa kunyolea. Alikuwa anachanja kisigino chake. Alichanja kwa ustadi na bila haraka, akivua kipande chembamba cha ngozi, kisha kingine, kisha kingine, akiviteremsha kwenye kisahani cha maji, na vilikuwa vimeshikana mkia kwa kichwa, na damu haikutoka hata tone.

"Tazama, mwenyeji," akasema bila kuinua kichwa. "Rangi ya fedha. Nimejifunza kwako."

"Acha," Bwana Wembe akanong'ona. "Acha, nakuomba."

"Unaniomba mimi, au unamwomba yeye? Yuko macho, unajua. Subiri nikuitie."

Wembe ukaanguka. Mabega ya yule mama yalilegea, shingo ikazama, na macho yaliyoinuka kumtazama yalikuwa ya bibi kizee mgonjwa.

"Mkwe," akasema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imepwaya. "Mkwe, ni mimi. Kaniruhusu kidogo. Inauma, baba. Mguu nilidhani umekufa, kumbe yeye kaufufua ili nisikie."

Bwana Wembe alirudi nyuma hatua moja.

"Kanisikilizisha. Nimesikia ukisema karibu." Akavuta pumzi. "Nimekukosea nini? Ni yale maneno ya utumbo? Nilikuwa natania, mkwe wangu. Mtu hutaniana na wake."

"Mama..."

"Sikiliza, hatanipa muda. Usimwambie mwanangu. Nimeapa sitamwambia, na wewe usimwambie. Akijua atakuacha, na atabaki na nani? Sisi tuko wawili tu duniani, na mimi ni wa kuondoka. Wewe tafuta tu mtu wa kunitoa, au wa kunimaliza. Lakini mwanangu asi..."

Mabega yakanyooka. Mkono ukaokota wembe, ukaendelea ulipoishia.

Siku ile ile Bwana Wembe alirudi maabara akautafuta ule ushanga ili autie motoni. Aliukuta kabatini ukiwa na tundu katikati, mtupu, kama hindi lililobunguliwa. Akaenda kumtafuta mshonaji.

Alimkuta kibandani kwake anashona sare za shule. Alimweleza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mshonaji aliendelea kukanyaga cherehani mpaka aliposikia neno mama mkwe. Hapo mguu ukasimama.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna. Aliingia mwenyewe."

Mshonaji akakunja sare aliyokuwa akiishona. Angeweza kumkumbusha pini zake, hakumkumbusha. "Haya," akasema, akakata uzi kwa meno. "Basi tutamuuliza mwenyewe."

Alikuja siku ya mapumziko, jua likiwa bado lipo. Mke alikuwa ameambiwa kwamba mama ana jini na huyu mama anajua namna ya kulitoa. Alikubali bila ubishi, maana asubuhi ile, akimwogesha mama yake, alikuwa ameona mwanga wa dirisha ukipita kwenye ubavu wake. Mshonaji alifunga mapazia. Aliomba kiti kimoja kitupu akakiweka katikati ya sebule. Kisha akachukua uzi mweusi, akamfunga mgonjwa kidole gumba, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa kile kiti.

"Wanangu, kaeni chini. Mwalimu, mshike mama miguu. Msinene mpaka niwaambie."

Akaanza kuimba chinichini, wimbo usio na maneno, kama wa kumbembeleza mtoto mkorofi. Ngurumo iliyokuwa kifuani mwa mgonjwa ikaitikia.

"Umenijua?" akauliza mshonaji.

"Nimekujua, mlezi. Umezeeka."

"Na wewe umekuwa mkatili. Kwa mdogo wangu hukuwa hivi."

"Kwa mdogo wako nilipendwa. Hapa nimetupiwa, kama mfupa."

"Nani kakutupia? Nani kakukaribisha?"

Mara mgonjwa akainua mikono yote miwili akajiziba mdomo. Hakuwa jini aliyeziba. Ni yeye, mama, aliyepanda kutoka huko chini alikokuwa amebanwa, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi, akakaza vidole mpaka kucha zikazama mashavuni, akauma midomo, damu ikapenya katikati ya vidole, na macho yake yalikuwa yamemtumbulia mkwewe yakimwambia asiogope, hatasema, hatasema hata akifa. Na akiwa amefumba hivyo hivyo, kwenye koo lake lililozibwa, ikatoka sauti safi ya mwanamume:

*"Yuko mama mkwe. Mchukue huyo. Yeye ameshaishi."*

Halafu:

*"Karibu."*

Mke hakupiga kelele. Aliiachia miguu ya mama yake taratibu, akageuka.

"Hiyo ni sauti yako," akasema.

Bwana Wembe alitazama sakafu.

"Nakuuliza. Ni sauti yako?"

"Alinishika... hujui alivyonishika. Angeniua."

Mama akashusha mikono yake iliyojaa damu, akaanza kulia kimya kimya, kilio cha mtu aliyeshindwa kazi yake.

"Msigombane sasa," mshonaji akasema haraka. "Anakwisha huyu, msikilizeni anavyopumua. Wewe baba, aliyetoa anaweza kupokea. Sema 'njoo kwangu', mara moja tu, kwa moyo, naye atahama. Hutakufa. Mdogo wangu aliishi naye maisha yake yote, akaolewa, akacheka. Nitakufundisha kumlea. Ila useme mwenyewe."

Bwana Wembe akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa juu ya ulimi, na alitaka kulisema, Mungu ni shahidi alitaka, lakini mara ubavu wa kushoto ukakumbuka vile vidole, ukakumbuka ubaridi wake na adabu yake na namna vilivyobonyeza huku na huku, na pumzi ya mama ikawa inakuja kwa vipande, ikikatika, ikirudi, ikikatika, na mkewe akasema "Sema," na baadaye akasema "Sema, mume wangu, nakuomba, nitakusamehe yote," na yeye akiwa bado mdomo wazi akajisikia akisema maneno ambayo hata yeye yalimshangaza kwa jinsi yalivyokuwa ya kawaida:

"Labda tungempeleka hospitali kwanza."

Mke akamtazama. Haikuwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyohama. Kisha akaukamata mkono wa mama yake uliofungwa uzi.

"Njoo kwangu," akasema. "Mwache mama. Njoo kwangu."

"Hapana!" mama akapiga ukelele. "Mwanangu, hapana, mimi nimeshaishi, mimi..."

Uzi ukakaza, ukalia kama waya, ukakatika. Kiti kitupu kikaanguka. Mama akaporomoka sakafuni akiwa mzito tena, mzee tena, miguu imekufa, akishika pindo la gauni la bintiye na kulivuta kama mtoto. Bintiye alikuwa amesimama. Alijifuta machozi, akalainisha gauni kiunoni, akayazungusha macho sebuleni kama mpangaji anayekagua chumba. Marashi yakajaa.

"Pazuri hapa," akasema. "Nafasi kubwa."

Mshonaji alikusanya uzi wake. Alimwinua yule mama, akamfuta damu, akamweleza kwa sauti ya chini chakula kinachomtuliza jini huyo, nyimbo zake, na siku zake mbaya. Mama aliitikia kila neno akilia.

"Hutamtoa?" Bwana Wembe akauliza. "Mtoe! Si ndiyo kazi yako?"

"Aliyetupiwa hutolewa," mshonaji akamjibu akiwa mlangoni. "Aliyeitwa kwa mapenzi hatoki kwa nguvu. Mkeo atakuwa kiti mpaka siku yake." Akaondoka bila kumpa mkono.

Asubuhi, Bwana Wembe alichomwa kifuani na ncha ya fimbo. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yake, mashavu yamevimba kwa alama za kucha.

"Inuka. Jana ulikuwa bubu. Leo utasema."

Mkewe alikuwa mezani anakata mkate. Alimwamkia vizuri. Bwana Wembe alipiga magoti mbele ya kiti chake, na safari hii hofu ilikuwepo lakini kitu kingine kilikuwa kikubwa kuliko hofu. Alikuwa hajalala usiku kucha, na alikuwa radhi kwa lolote, vidole, baridi, maji meusi, lolote.

"Njoo kwangu," akasema. "Nakukaribisha kwa moyo wangu wote. Mwache mke wangu."

Mkewe akaweka kisu chini. Akainama, akampitisha mkono ubavuni, na vidole vikaingia. Vilipita kwenye figo zote mbili, vikapanda kwenye ini, vikazunguka mapafu, vikagusa moyo kila upande, vikapekua bila haraka, mahali baada ya mahali, naye akavumilia, akasema "Karibu, karibu," meno yakigongana. Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo wa meza, anaomba.

Vidole vikatoka. Mwanamke akavifuta kwenye kitambaa cha meza.

"Nimetafuta kote," akasema kwa upole, kwa sauti ile ile ambayo mkewe humwambia chai imepoa. "Humu hamna pa kukaa."

Kisha akammiminia chai, akatia sukari vijiko viwili kama anavyopenda, akakoroga, akamsogezea kikombe.